Mwaka Tuliokuwa Umeme

Mwezi uliopita waliniletea Masunga kwenye chumba changu cha eksirei, hapa Geita, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kama kiazi. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi akifunga nyaya za jengo fulani la mgodini. Sikumtambua. Nywele zilikuwa zimempungua, tumbo limeongezeka, na karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na jina lake la ubatizo ambalo hatukuwahi kulitumia shuleni. Nikamwambia aweke mkono juu ya meza na asitikisike, nikaenda nyuma ya ukuta wa kinga kubonyeza. Ndipo nikasikia sauti taratibu kutoka upande wa pili: "Kabula, kabla hujabonyeza. Umeme wa hiyo mashine unatoka wapi kwenda wapi?" Nilicheka hadi nikashika ukuta, naye akacheka na mkono wake mbovu, nikabonyeza kabla hatujatulia, picha ya kwanza ikatoka na mifupa yenye ukungu. Ilibidi nipige nyingine. Mfupa ulikuwa na ufa mdogo tu, lakini jioni ile nilirudi nyumbani na mwaka mzima kichwani, na tangu siku hiyo haujanitoka.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani, hayo yana wenyewe wa kuyasimulia. Nianzie kidato cha tatu, kwenye shule yetu ya kata si mbali na Samuye, madarasa yenye madirisha bila vioo na uwanja wa mpira ambao ng'ombe waliutumia zaidi yetu. Fizikia tulikuwa tumeichagua wanafunzi kumi na mmoja, wengine wote walikimbilia masomo yenye hadithi. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Niliwahi kuvunjika mkono nikapelekwa hospitali ya misheni kule Kolandoto, na mwanamke mmoja mwenye koti jeupe akaniambia nisipumue, akabonyeza kitu, kisha akaniinulia mfupa wangu mwenyewe dirishani niuone. Nikataka kuwa yule mwanamke, na niliambiwa kwamba njia ya kufika pale inapita kwenye fizikia. Masunga naye alikuwa na sababu yake. Kaka zake wote walikuwa wanashuka mashimoni kule Bugarama kuchimba, na yeye alitaka kazi ya mgodini ambayo mtu anaifanya amesimama juu ya ardhi, na swichi mkononi.

Shida ni kwamba mwalimu wetu wa fizikia aliondoka mwanzoni mwa mwaka, akapata kazi inayolipa vizuri zaidi. Siku mrithi wake alipopatikana nilikuwa nafagia ofisi ya walimu, kwa hiyo nilisikia mwenyewe. Mkuu wa shule, Mwalimu Bundala, alikuwa mtu mrefu mwenye koti la kijivu alilolivaa hata kwenye jua la Oktoba. Alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Chande, kijana wa kutoka Newala aliyekuja kwetu kufundisha historia na Kiswahili, na ambaye bado alikuwa anashangaa upepo wetu wa vumbi.

"Mwalimu Chande, wewe una kompyuta."

"Ninayo, Mkuu."

"Basi fizikia ni yako."

"Mkuu, mimi nimesomea historia."

"Hata hiyo fizikia ni ya zamani," Mkuu akasema, akatoka.

Mwalimu Chande alinitazama na ufagio wangu kana kwamba mimi ndiye niliyemshtaki. Lakini hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Jumamosi ile ile alipanda gari kwenda Shinyanga mjini, akaingia kwenye duka la intaneti, na huko akagundua kwamba duniani kuna walimu wanaofundisha fizikia kwenye tovuti, bure, kwa mtu yeyote mwenye subira. Subira ilihitajika kweli. Alituambia kwamba kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo ndicho somo la kwanza la mwendo wa mviringo. Aliziweka kurasa kwenye kompyuta yake, na Jumatatu tukazisoma vile zilivyofika, maana nyingine zilifika nusu. Tulijifunza timazi kwa picha iliyokuwa na kijiwe bila kamba. Tulijifunza mwanga kwa picha ambayo haikufunguka kabisa, ilikuwa boksi tupu lenye alama ya msalaba, na Mwalimu Chande akatuchorea ubaoni kile alichokumbuka. Video hatukuwahi kuziona. Yeye alizitazama kule mjini huku akinakili, kisha akaja kutusimulia jinsi mpira ulivyodunda, kwa mikono na mabega na macho, na ninakiri kwamba hadi leo nikifikiria kani ya uvutano namuona Mwalimu Chande anaruka kutoka juu ya kiti.

Kitu kilichotutia hofu zaidi kwenye zile tovuti ni adabu zake. Ukikosea jibu, tovuti haikukasirika. Iliandika tu "Jaribu tena", na ukipata ilikupa nyota. Mwalimu Chande akaamua kuifuata tabia hiyo, fimbo akaiweka juu ya kabati. Sisi hatukuzoea. Mtu akisimama, akajibu ujinga, Mwalimu anatabasamu, "Jaribu tena." Anajibu ujinga mwingine, "Jaribu tena." Kijana mmoja alitoa machozi jaribio la nne, akasema ni heri achapwe aketi. Masunga alikuwa na nyota nyingi kuliko wote, alizichora kwa chaki kwenye dawati lake, na mimi nilikuwa wa pili, jambo ambalo lilininyima raha kila nilipolipita lile dawati.

Kompyuta ilichajiwa kwenye mashine ya kusaga, katikati ya magunia, na kila Jumatatu ilikuja darasani na harufu ya unga wa mtama. Ilidumu na chaji kama muda wa kunywa kikombe cha uji wa moto. Tulikuwa tumeanza umeme, mada ndefu kuliko zote, ilipozimika katikati ya mchoro wa betri na balbu. Mwalimu Chande akaifunga, akasema, "Tokeni nje. Tutakuwa sisi." Akachora duara kubwa kwenye vumbi la uwanja. Dawati moja likawa ncha chanya ya betri, jingine ncha hasi. Sisi tukawa umeme. Tukakosa balbu. Pale jikoni alikuwepo Mama Doto, mpishi wetu wa makande, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye kijiji cha pili. Akakubali kuwa balbu kwa masharti kwamba asiondolewe kivulini na kwamba asikimbie. Kazi yake ilikuwa kupiga vigelegele kila mmoja wetu anapompita. Aliifanya kwa moyo wote. Sufuria la makande liliungua siku ile, na tulikula chakula cheusi bila kunung'unika, kwa kuwa kila mtu alijua balbu ni nani.

Mkuu alituona kupitia dirisha. Jioni akatuita wote kumi na mmoja pamoja na Mwalimu Chande. Ofisi yake ilikuwa na kalenda ya kanisa, ngoma moja ya zamani juu ya kabati, na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo alitafuna akifikiri. Akasema watangulizi wetu walifeli fizikia wote, akaitwa wilayani akaulizwa maswali mbele ya wakuu wenzake. "Somo linalotuaibisha tunalifuta. Mvua zikianza, napeleka orodha ya masomo ya kidato cha nne, na fizikia haimo." Nilihisi mfupa wangu uliopona ukiuma. Mwalimu Chande akaanza kutetea, akataja tovuti, akataja nyota. Mkuu akainua kipande cha mchembe kumnyamazisha. "Mimi sijui tovuti. Mimi nataka kitu kimoja. Nifanyeni nielewe umeme. Mimi, si mkaguzi. Nikielewa, mnaendelea. Nisipoelewa, mtachukua somo jingine, na wewe urudi kwenye historia yako."

Tulitoka tukiwa na furaha. Kumfanya mtu mzima aelewe balbu, kuna nini hapo? Lakini Jumamosi iliyofuata Mwalimu Chande alirudi kutoka mjini na uso uliokunjamana. Tovuti moja ilikuwa imechora mishale ya umeme ikitoka chanya kwenda hasi. Nyingine, yenye rangi nzuri zaidi, ilikuwa na elektroni, vidude vidogo vya bluu, vinatembea kutoka hasi kwenda chanya. Hakujua ipi ni ya kweli, na kwa uaminifu wake akatuambia hivyo hivyo. "Tugawanyike. Kundi moja lioneshe hivi, kundi moja vile, halafu tuone ni lipi litakaloeleweka kwa watu zaidi."

Maskini, alikuwa mgeni. Hakujua amesema nini. Kwetu mavuno yakiisha ngoma hushindana, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na kila ukoo unajua ulipo tangu zamani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna jaji. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda, kwisha. Mwalimu alisema tu tugawanyike, sisi tukagawanyika kama tulivyozaliwa. Masunga na Bagika wenzake wakachukua chanya kwenda hasi. Mimi na Bagalu tukachukua hasi kwenda chanya. Kufika Jumatano hakuna aliyekuwa anasoma tena, tulikuwa tunafanya mazoezi ya miguu. Habari zikafika mnadani. Wazee ambao hawakuwahi kuona swichi wakaanza kubishana kuhusu elektroni, na mmoja alinisimamisha njiani, nikampa shikamoo, akaniambia kwa uchungu, "Mjukuu wangu, Bagika wasije wakatuharibia umeme wetu."

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Mwalimu Chande alikuwa amepanga kundi moja lianze, lingine lifuate. Hakuna aliyemsikiliza. Ngoma zikalia, makundi yote mawili yakaingia kwenye duara moja kwa wakati mmoja, moja likienda huku na jingine likija kule, yote yakielekea kwa Mama Doto. Tuligongana mbele yake, tukarudi nyuma, tukagongana tena. Yeye alipiga vigelegele bila kupumzika, kila anayepita akawaka, wa huku akawaka, wa kule akawaka. Mkuu alikaa kwenye kiti cha mbele na koti lake, anatazama kwa makini ya kutisha. Mwanzoni watu walielemea upande wetu, ndipo Masunga akatoa silaha yake. Mjomba wake alikuwa mcheza nyoka maarufu, naye akaingia uwanjani na chatu shingoni. Masunga akapaza sauti kueleza kwamba huyo chatu ndiye waya. Watu wote wakahamia kwao. Nilibaki na elektroni zangu nne na mbwa mmoja. Nilitaka kulia, nasema kweli. Lakini waya ule ulichoka kushikwa. Ukateremka begani kwa mjomba, ukagusa ardhi, ukaanza kwenda kwa watazamaji wa Bagika, na umati mzima ukanyanyuka mbio na kuja kusimama upande wetu.

Kwa sheria za ngoma, tulikuwa tumeshinda. Kijiji kikatangaza siku ile ile kwamba umeme unatoka hasi kwenda chanya, na mambo yakaishia hapo, kwa kijiji. Kwa Mkuu hayakuishia. Kesho yake akatuita. "Nimefurahi," akasema. "Sijafurahi hivi tangu nihamie hapa. Lakini sijaelewa. Unatoka wapi kwenda wapi?" Sisi tukasema hasi kwenda chanya, tumeshinda. Bagika wakasema chanya kwenda hasi, ushindi wa nyoka si ushindi. Mkuu akamwita Mama Doto, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa katikati. "Mama Doto, wewe ndiwe uliyewaka. Umeme ulitoka wapi?"

"Mwalimu," Mama Doto akasema, akijifuta mikono kwenye kanga, "mimi nilikuwa nawaka tu."

Mkuu akatupa hadi Jumatatu tukubaliane. Tusipokubaliana, orodha inaondoka bila fizikia. Niliwakusanya wenzangu nyuma ya jiko. Hakuna aliyetaka kusalimu amri, hasa baada ya kushinda mbele ya kijiji kizima. Niliwauliza kipi ni kikubwa, ushindi wa Bagalu au kidato cha nne, wakabishana muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwishowe tukakubaliana, kwa maumivu, kwamba Jumatatu tutasema chanya kwenda hasi kama Bagika wanavyotaka, na yaishe. Sikulala vizuri. Nilimuwaza Masunga na tabasamu lake juu ya lile dawati la nyota.

Jumatatu Mkuu akaanza na sisi. Nikasimama, nikasema, "Mkuu, umeme unatoka chanya kwenda hasi," na nikaeleza kwa nini, kwa hoja zote za Masunga, moja baada ya nyingine. Nilipoketi niliona Masunga amefungua mdomo kama samaki. Akasimama naye. Akasema kwa sauti ndogo, "Mkuu, sisi nasi tulikaa jana. Tumekubali unatoka hasi kwenda chanya." Akaeleza hoja zangu, vizuri kuliko nilivyozieleza mimi, na elektroni zake za bluu. Tulikuwa tumegombana tena, kwa heshima, kila mmoja akiwa amevaa nguo za mwenzake. Mimi nilijua tumekwisha.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, Mwalimu Chande akaingia, baiskeli ya kuazima yenye pancha ameiegemeza nje, vumbi mpaka kwenye kope, karatasi mkononi. Alikuwa amekaa mjini mpaka Jumapili kutafuta tovuti ya tatu, na ameipata. Akasoma akihema. Wataalamu wa zamani walichagua mwelekeo wa umeme kwa kubahatisha, kabla hajatokea mtu wa kuijua elektroni. Baadaye ikaonekana elektroni zinakwenda kinyume. Lakini vitabu vilikwisha kuchorwa, basi wakaiacha mishale kama ilivyo, na hadi leo mchoro unasema hivi na elektroni zinakwenda vile, na balbu inawaka kwa vyovyote. Mkuu akaichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili. Akatutazama sisi, mmoja mmoja. "Kwa hiyo mlikuwa sahihi nyote, na leo mmegeuka, na bado mko sahihi nyote," akasema. Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, alicheka kama mtu anayekohoa. Akavuta orodha, akaandika fizikia kwa mkono wake, na chini yake majina yetu, akiuliza kila jina linavyoandikwa. Masunga alinikanyaga mguu chini ya benchi, nikamkanyaga na mimi.

Tulikuwa tumesimama kutoka aliposema, "Na radi?" Tukageuka. Hakuwa anacheka tena. "Radi nayo ni umeme. Si ndiyo? Inatoka wapi kwenda wapi?" Masunga akasema inashuka kutoka mawinguni. Mimi nikasema nadhani na ardhi nayo inainua ya kwake kwenda kuipokea. Mkuu akatikisa mkono, si hilo alilotaka. Alimtazama Mwalimu Chande peke yake. "Ninachouliza ni hiki. Kuna mtu anayeituma?"

"Hakuna, Mkuu."

"Tovuti imesema?"

"Jumamosi nitaitafuta. Lakini hakuna."

Ndipo Mkuu akatuambia, akitazama ile sahani ya michembe badala ya kututazama sisi. Mama yake alipigwa na radi akafa kwenye majaruba ya mpunga, yeye akiwa bado shule ya msingi. Watu wakasema imetumwa na Mzee Jilala, jirani, kwa kuwa walikuwa wamegombania mpaka wa jaruba msimu ule. Ukoo wa Mkuu ndio uliomfukuza. Mzee alihama na watoto wake, akaenda upande wa Bugarama, na hakuna aliyemtembelea tena. "Nimekuwa mwalimu miaka mingi," Mkuu akasema, "na kila masika nasikia ngurumo najiuliza swali lile lile, na sikuwa na wa kumuuliza." Mama Doto, aliyekuwa ameleta chai, aliweka birika sakafuni na kutoka taratibu.

Jumamosi hiyo walikwenda mjini wawili. Mwalimu Chande alitusimulia baadaye kwamba Mkuu alikaa mbele ya kompyuta ya kukodi na koti lake, mikono ameikunja mapajani, akakitazama kile kiduara kikizunguka kama mtu aliye kanisani. Ukurasa wa radi ulipofunguka hakugusa kitu. Aliomba utolewe kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa. Kisha hakurudi na Mwalimu Chande. Alipanda gari la Bugarama.

Jumatatu alikuja mwenyewe darasani kwetu, akasimama mlangoni, na akatuambia yote, kwa kuwa, alisema, ni haki yetu kujua kazi yetu imefika wapi. Alimkuta Mzee Jilala hai, haoni vizuri, ameketi anachambua karanga. Alimpa shikamoo, akakaa chini, akamsomea karatasi yote, sentensi kwa sentensi, akiitoa kwenye Kiingereza na kuitia kwenye Kisukuma: mawingu, chaji, ardhi, kwamba radi hutafuta palipoinuka, na kwamba mtu aliyesimama peke yake kwenye maji ya majaruba ndiye palipoinuka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akaendelea kuchambua karanga zake, akasema, "Mimi hayo nilikuwa nayajua, Bundala. Nilikuwa nawasubiri nyinyi."